Mnara wa vioo au nyumba ya baraza katikati ya Dodoma?

Tuchukue kiwanja kimoja Uhindini, si mbali na Reli ya Kati iliyojengwa enzi za Wajerumani. Mnara wa ghorofa 15 utabeba ofisi nyingi kwenye eneo dogo. Kwa mji uliotangazwa makao makuu mwaka 1973, hilo si jambo dogo. Lakini vioo na jua hili la Dodoma! Viyoyozi vitanguruma kutwa, umeme ukikatika lifti zinasimama, na magari yatajazana barabara nyembamba. Nyumba ya ghorofa mbili, kuta nene, dari la juu na baraza mbele, itachukua watu wachache. Ila inapoa yenyewe, na mama muuza chai anabaki na kivuli chake. Mimi nachagua baraza. Minara ijengwe Mtumba, kwenye Mji wa Serikali pembeni ya Dodoma, ardhi ipo.