Afghan Hound: Mtazame Akiwa Amelowa

Karibuni tena, watazamaji wangu. Leo niko Mbezi Beach, uani kwa rafiki yangu, na huyu aliyesimama hapa kama mwari siku ya kutolewa ndiye mliyekuwa mkimuulizia kila siku. Mbwa wa aina ya Afghan Hound. Jike, miaka minne.

Najua macho yenu yameshakimbilia kwenye nywele. Ni haki yenu. Hizi ni singa hasa: nyembamba, laini, zinateleza kwenye vidole kama hariri. Zinaanzia mabegani, zinafunika mbavu, zinashuka miguuni mpaka nyayo hazionekani. Kichwani ana shungi, limegawanyika na kuangukia masikioni. Lakini uso hauna nywele ndefu hata kidogo. Hapo ndipo urembo wake ulipo kwangu mimi: pua ndefu iliyochongwa, macho ya umbo la lozi, meusi, yanakupita yakatazama kitu kilicho nyuma yako huko mbali. Huyu ni mbwa anayewinda kwa macho, si kwa kunusa. Kwao Afghanistan walimtumia kukimbiza mawindo kwenye mawe na nyanda.

Sasa sogea, kamera. Mgongo huu. Mnaona? Kuanzia hapa nyuma ya mabega mpaka kiunoni, nywele ni fupi, zimelala. Kila anayepita getini anauliza kama mbwa ana upele. Hana! Hilo ni tandiko, ndivyo wanavyoliita wafugaji wake, na ni dalili kwamba amekomaa. Mtoto wa Afghan huzaliwa na manyoya mafupi mwili mzima. Singa huja baadaye, na tandiko hujitokeza lenyewe kadiri anavyokua. Lenyewe, jamani. Mashine haipiti hapa. Mbwa mwingine ninayemfahamu alipelekwa saluni ya wanyama hapa mjini, wakamnyoa ubavuni na mgongoni "ili awe sawa". Iliniuma sana, maana nywele za ubavuni zilichukua muda mrefu mno kurudi.

Haya, tuje kwenye jambo lililonileta. Ukitaka kumjua mbwa huyu, mlowanishe. Na huyu hapa ndiye mzee anayemtunza. Mzee, shikamoo.

"Marahaba mwanangu. Nimwagie?"

Mwagia, mzee, polepole.

Tazameni. Nywele zimelala, na mwili umejitokeza. Kifua kimeshuka mpaka usawa wa viwiko. Tumbo limepanda. Shingo ndefu, imebeba kichwa juu hata akiwa amelowa chapachapa. Na hapa nyuma, leteni macho hapa, mifupa miwili ya nyonga imechomoza, ina nafasi pana katikati. Naweka kiganja, kinakaa vizuri kabisa. Huku kwetu mtu akiona mfupa huo anasema mbwa halishwi. Huyu anakula, na ameshiba. Nyonga hizo ni za ukoo wake. Mbwa mwenye nywele nyingi kisha hapa ukakuta duara la nyama tupu, mimi hata akiwa na shungi la kufika chini nitamwacha.

Nimempima kwa futi ya fundi cherehani: sentimita 66 hadi begani. Kipimo cha Waingereza cha mbwa wa aina hii, kwa jike ni 63 hadi 69, dume 68 hadi 74, kwa hiyo yumo.

Na msishangae mkikuta mwingine ana nywele chache kuliko huyu. Miaka ya 1920 mbwa hawa waliingia Uingereza kwa makundi mawili: moja la mbwa warefu, wepesi, wenye singa chache, wa nyanda za chini, jingine lililotoka Kabul, wafupi kidogo, nywele nzito za baridi ya milimani. Wa leo wamechanganya damu hizo mbili. Rangi nazo ni za kila namna. Huyu ni wa dhahabu, mdomo mweusi.

Baridi ya milimani, nimesema. Hapa ni Dar. Masika nywele hizi hazikauki zenyewe. Unyevu unabaki chini karibu na ngozi, na mafundo yanajifunga nyuma ya masikio na kwapani. Kishona nguo kikimwingia kwenye vidole, kwisha habari. Mzee anamchana tabaka kwa tabaka, kuanzia chini, kwa kitana cha chuma chenye meno yaliyoachana, na kazi hiyo inakula asubuhi nzima. Mbwa anatoka alfajiri na jioni tu. Mchana yuko kivulini na feni. Kama huna mtu wa kukaa naye hivyo, msimchukue, nawaomba.

Amekauka. Mzee, mwachie.

Angalieni mkia! Umepanda, ncha imejikunja pete, hauna manyoya mengi. Na singa zote zimeinuka pamoja, tazama, tazama anavyokata kona pale kwenye mnazi...