Mbeleko tatu, mgongo mmoja: uzoefu wangu wa kumbeba mtoto Mwanza

Nyumba yetu iko Mabatini, upande wa juu kwenye mawe. Anayeijua Mwanza hahitaji maelezo zaidi. Bodaboda inakushusha chini kwenye kona, kutoka hapo ni miguu: ngazi za saruji kidogo, kisha jiwe tupu, kisha kinjia chembamba kati ya kuta za nyumba za watu. Kigari cha kusukuma nilichopewa zawadi nilipojifungua kimelala chini ya kitanda mpaka leo. Mtoto wa mlimani anabebwa, na mimi kila asubuhi nambeba wangu kushuka Mwaloni Kirumba ninakouza dagaa, jioni tunapanda tena.

Sasa ana miezi 11 na kilo 9 na robo. Katika muda huo nimetumia vibebeo vitatu. Kimoja nakijutia, viwili ninavyo hadi leo. Nimeona niandike kwa kirefu kwa sababu kina mama wengi pale Mwaloni wananiuliza, na mara nyingi wanachotaka kujua ni bei tu.

Cha kwanza nilikinunua kwa machinga maeneo ya Makoroboi, shilingi 18,000, nikiwa bado na mimba ya miezi 8. Wauzaji wengi wanaviita kangaruu. Kilikuwa cha buluu, mikanda miwili ya mabegani, na katikati kipande cha kitambaa kigumu kinachopita kati ya miguu ya mtoto. Kwenye boksi kulikuwa na picha ya mtoto anacheka, ametazama mbele. Nilikipenda kwa macho, nikakijaribu mabegani, kikanikaa vizuri, nikalipa. Mtoto mwenyewe alikuwa bado tumboni, kwa hiyo sikuwa na namna ya kujua yeye atakaaje.

Alipofika miezi miwili na nusu nikaanza kukitumia. Kile kipande cha kati upana wake ni kama kiganja changu. Uzito wote ulikuwa unamkalia kwenye msamba, miguu ikining'inia wima. Siku ya kliniki nesi alitutazama tunaingia, hata kadi hajaishika, akaniambia, "Mama, huyu umemning'iniza, hujambeba." Akaniomba nimtoe. Akamshika makalio na mgongo, akaikunja ile miguu mpaka magoti yakapanda juu kidogo ya makalio na mapaja yakatanuka nje. "Akae kama chura, umeona?" Akanieleza kwamba kikombe cha nyonga kwa mtoto mchanga bado ni gegedu laini, yaani hakijawa mfupa mgumu, na mkao wa chura ndio unaokiweka kichwa cha mfupa wa paja katikati ya kikombe wakati kinakomaa. Kuning'inia dakika chache hakumdhuru mtoto mwenye nyonga nzima. Kukaa hivyo saa nyingi kila siku, tena miezi ya mwanzo, ndiko alikokukataza.

Hilo la miguu pengine ningelivumilia mpaka nipate hela ya kingine. Kilichonitenga kabisa na kile kibebeo ni siku ya daladala. Nilikuwa natoka Buhongwa, saa nane mchana, gari imejaa, nimepata siti ya nyuma. Mtoto amelala kifuani. Nilipokaa mikanda ililegea bila mimi kujua, naye akashuka ndani ya kitambaa taratibu, kichwa kikamwinamia, kidevu kikagusa kifua chake. Nilichosikia ni mluzi mwembamba, kama wa birika linaloanza kupata moto. Mwanzoni nilidhani ni mafua. Nilipomwinua kidevu kwa kidole, mluzi ukakatika na pumzi ikarudi ya kawaida. Nilishuka Mkuyuni, kituo ambacho si changu, nikakaa kwenye kivuli cha duka la watu nimempakata mikononi, natetemeka.

Ndugu zangu, hili naomba mlishike kuliko mengine yote. Mtoto wa chini ya miezi 4 shingo yake haina nguvu ya kujiinua. Kidevu kikilala kifuani, njia ya hewa, ambayo kwake ni nyembamba na laini, inajikunja. Halii, kwa sababu kulia kunahitaji hewa. Machi 2010 mamlaka ya usalama wa bidhaa ya Marekani ilitoa onyo kuhusu vibebeo vya kuning'iniza begani, vile vinavyomlaza mtoto akiwa amejikunja kama yuko mfukoni: vifo 14 katika miaka 20, na 12 kati yake ni vya watoto wa chini ya miezi 4. Changu hakikuwa cha aina hiyo, ila hatari ya kidevu ni ileile. Tangu siku hiyo mtoto akiwa kifuani naangalia mambo matatu: vidole viwili vinapita kati ya kidevu chake na kifua, uso nauona bila kufunua kitu, na nikiinamisha kichwa kidogo namfikia utosini kumbusu. Moja likikosekana, namtoa namweka upya, hata kama niko katikati ya mteja.

Wiki ileile mama mkwe alikuwa amekuja kutoka Ukerewe. Nilipomsimulia hakusema kitu, alifungua begi lake akatoa kitenge cha zamani cha Mwatex, kile kiwanda cha nguo cha hapa Mwanza, kizito, maua yamefifia. "Hiki ndicho kilimbeba mumeo," akaniambia. Nikadhani atamweka mgongoni palepale. Akakataa: "Subiri shingo ikaze, mkwe wangu. Kwa sasa mfunge mbele, akae wima." Tukamfunga mbele karibu miezi miwili. Ni baada ya kuona anainua kichwa mwenyewe na hakipepesuki ndipo mama mkwe aliniambia niiname.

Kwa wasiojua, na siku hizi wako wengi hata kwetu, unafanya hivi. Unainama mgongo uwe kama meza, mtoto analala juu yake, tumbo kwenye mgongo wako, miguu imekukumbatia kiunoni. Unamfunika kitenge, upindo wa juu unafika usawa wa kwapa zake, na kabla ya kufunga unauingiza upindo wa chini chini ya makalio na kuuvuta hadi nyuma ya magoti. Hapo ndipo kwenye kazi yote. Upindo wa chini usipofika magotini, mtoto anateleza, unaanza kumrusha-rusha kila hatua kumi. Ncha mbili unazivuta mbele kwa nguvu, unafunga juu ya matiti, kisha unasimama polepole. Ukisimama na ukahisi kuna nafasi kati yenu, fungua urudie. Nilichukua karibu wiki nzima kuizoea, nikifanyia kitandani, mama mkwe amesimama nyuma yangu.

Nilipotazama kwenye kioo nikaona lile umbo la nesi: chura. Kitenge cha mama mkwe kilikuwa kinafanya bure kile ambacho kangaruu ya 18,000 ilishindwa. Baadaye nikasoma kwamba madaktari wa hospitali moja ya mifupa Blantyre, Malawi, walipekua kumbukumbu za miaka 10, kuanzia 2002 hadi 2012, watoto zaidi ya 40,000, wasikute hata mmoja aliyeletwa kwa shida ya nyonga ya kuzaliwa, wakaihusisha hali hiyo na desturi ya kubeba watoto mgongoni. Na hata hivi vibebeo vya mikanda vina deni kwa bibi zetu. Ann Moore, nesi Mmarekani aliyejitolea kufanya kazi Togo mwanzoni mwa miaka ya 1960, aliwaona kina mama wa huko wanavyobeba, akarudi kwao akaanza kubuni na mama yake kibebeo cha kushona. Hataza, yaani haki ya ubunifu wake, alipewa mwaka 1969, na kikauzwa kwa jina la Snugli. Binti anayeona haya kutoka na mbeleko mjini afahamu hilo.

Sitaki kukisifia kitenge kupita kiasi. Kanga mpya inateleza, na ni nyepesi mno kwa mtoto wa kilo 9, mimi naitumia kumfunika jua tu. Kupanda mawe yetu nimebeba na ndoo ya dagaa, fundo linalegea, lazima nisimame njiani nifunge upya. Mtoto akilala mgongoni simwoni, namtegemea jirani wa kibanda anitazamie. Na kuna la mume wangu. Kitenge hakufungi. Nilimwomba, akajaribu ndani, akishafika mlangoni anamvua. Sikumlaumu, maneno ya watu wa mtaani nayajua. Lakini jioni mimi ndiye niliyekuwa napanda na mtoto na ndoo, yeye mkono mtupu pembeni, na mgongo wangu ukaanza kulalamika.

Ndiyo maana nikatafuta cha tatu. Nilikipata mitumba ya Mlango Mmoja, 35,000 baada ya kuvutana kutoka 50,000. Safari hii nilikwenda na mtoto, miezi 6, nikamweka ndani palepale mbele ya muuzaji. Kiti chake ni kipana, kinafika kutoka goti hadi goti, na kuna kamba za kukipunguza upana kwa mtoto mdogo. Kina mkanda mpana wa kiunoni wenye sponji, na huo ndio wa kuufuata kwa macho, kwa sababu uzito unakaa kwenye mifupa ya nyonga yako, mabega yanapumzika. Lebo yake inasema mwisho kilo 20. Kwa kuwa ni mtumba niligeuza kila mshono kwenye jua, nikavuta mikanda kwa nguvu zangu zote, nikafunga na kufungua kila klipu mara nyingi. Kingine cha jirani yake kilikuwa kizuri zaidi kwa macho, klipu moja ina ufa mdogo. Nilikiacha. Klipu yenye ufa hata kwa 5,000 usichukue.

Siku ya kwanza mume wangu alikivaa mwenyewe, sikumwambia. Alisema kinafanana na begi la safari. Tangu hapo jioni anatufuata Mwaloni, anambeba mpaka juu nyumbani, na Jumapili wanakwenda wawili kutazama ziwa. Kwangu hilo peke yake linalipa ile 35,000.

Ubaya wake ni joto. Sponji na kitambaa cha plastiki kwenye jua la Mwanza vilimtoa vipele vya joto kifuani ndani ya wiki mbili, mpaka nikaanza kumvalisha kijishati kimoja chepesi cha pamba na kumtoa kila baada ya muda apunge hewa. Masika ukikifua leo utakivaa keshokutwa, na harufu ya dagaa haitoki kirahisi. Kitenge nakisuuza asubuhi, mchana kimekauka.

Jambo moja kwa sisi wa ziwani. Nikipanda meli ya Nansio, au mtumbwi hata wa dakika tano, mtoto simfungi kwa chochote, namfungua kabla ya kukanyaga chomboni na kumpakata mikononi. Jaketi la kuokolea maisha halivaliki juu ya mtoto aliyefungwa mwilini, na klipu nne huwezi kuzifungua majini. Hapa kwetu hakuna asiyekumbuka kuzama kwa MV Bukoba mwaka 1996 na MV Nyerere mwaka 2018.

Kitenge cha Mwatex mama mkwe aliniachia. Kimeanza kupauka pale katikati, kwa hiyo mwezi huu nimenunua kingine kizito cha kumpokea atakapofikisha mwaka. Kile cha buluu sikumpa mtu wala sikukiuza. Nilikichana, mikanda yake ni imara, nafungia magunia ya dagaa.