TAHADHARI KIGOMA: Sanduku la kuokea linaloitwa "stenlesi" linaweza kuwa bati la kuezekea

Ndugu wa Mwanga, Gungu na Ujiji, msinunue sanduku la kuokea linalong'aa kabla hamjalikagua. Nazungumzia yale ya mkaa juu, nyama chini. Yapo yaliyokunjwa kwa bati la kuezekea la geji 30, unene kama milimita 0.3, lililopakwa zinki.

Zinki huyeyuka kwenye nyuzi 420 hivi, na ikifika 907 inachemka na kuwa mvuke. Mkaa mgumu wa miombo ukipepewa sana unaweza kuvuka hapo, na trei ndiyo inayobeba makaa. Mvuke huo ukikutana na hewa unakuwa moshi mweupe. Aliyeuvuta anaweza kukaa saa kadhaa bila dalili, kisha usiku anatetemeka kwa baridi, homa inapanda, viungo vinauma, anakohoa, mdomoni anasikia ladha ya chuma. Huku kwetu mtu atasema malaria na kumeza dawa mseto. Nenda ukapime, na umweleze daktari ulikuwa unachomea kwenye nini. Maziwa hayaondoi moshi huo mapafuni, hata kama mafundi wa kuchomelea huyanywa.

Usidanganyike na sumaku. Muuzaji anainatisha ubavuni: "Ona, chuma halisi." Chuma kilicho chini ya zinki kinanata vilevile! Angalia kwa karibu kama kuna maua maua ya kijivu: hiyo ni zinki. Ikiwa kimepakwa rangi ya fedha, kwangua pembeni kwa tupa, dondoshea ndimu, subiri dakika kumi. Stenlesi haibadiliki, zinki inafifia na kubaki na doa. Kwa sababu hiyohiyo mgebuka uliokolea ndimu usilazwe juu ya bati hilo: zinki inayeyukia kwenye samaki, na anayekula anaweza kutapika na kuharisha.

Tena bati jembamba linajipinda. Trei inabonyea katikati, pembe zinanyanyuka, joto linatoroka na majivu yanamwagikia nyama. Kuku anaungua ngozi huku mfupani bado ana damu.

Ukiagiza kwa fundi, taka trei ya bati jeusi la milimita 3, kuta za 1.5, zote bila zinki. Sanduku la sentimita 60 kwa 45, kina 35, linatosha kuku wanne. Trei ikalie ukingo kwa sentimita 2 kila upande, iwe na vipini viwili vya kuinulia ili umwage majivu kabla ya kuongeza mkaa: kilo 3 za kuanzia, kisha kilo moja na nusu kila saa. Kalione bati kabla halijapakwa rangi, na usitume hela yote kwa simu.

Aliyekwisha kununua asijaribu kuiunguza zinki ili itoke, hata uwanjani. Sanduku hilo liwe la kuhifadhia mkaa.