Adapta ya TP-Link Archer T2U Plus kwa kompyuta ya mezani katika nyumba ya matofali ya kuchoma

Kwa yeyote ambaye kompyuta yake ya mezani iko chumba kimoja na ruta iko chumba kingine, ndani ya nyumba ya matofali ya kuchoma kama zilivyo nyingi hapa Mbeya, ninaipendekeza adapta ya USB ya TP-Link Archer T2U Plus, kifaa kidogo cha kuipatia kompyuta Wi-Fi, kuliko zile adapta ndogo zisizo na antena ya nje ambazo ndizo zinazoonekana zaidi kwenye kabati za vioo za maduka ya Mwanjelwa. Sababu yangu kuu ni antena yake, wala si kasi iliyoandikwa kwenye boksi.

Kompyuta nyingi za mezani tunazouziwa zimekwisha kutumika katika maofisi ya ng'ambo, kwa mfano Dell OptiPlex na HP EliteDesk. Ni mashine imara, lakini zilikusudiwa ofisi ambazo kila meza ina kebo ya mtandao, na kwa hiyo nyingi huja na tundu la kebo pekee, bila kipokezi cha Wi-Fi. Yangu iko kwenye fremu ya steshenari mbele ya nyumba, Uyole, ilhali ruta ya laini ya simu iko sebuleni karibu na dirisha ambako mawimbi ya mnara hushika vizuri, na katikati pana kuta mbili. Kazi za steshenari hazivumilii mtandao wa kusuasua: huyu anajaza maombi ya mkopo wa elimu ya juu wa HESLB, yule anapandisha vyeti kwenye Ajira Portal, tovuti ya kuombea ajira serikalini, na mtandao ukipotea faili ikiwa njiani, huenda mteja akalazimika kuanza upya huku wenzake wakisubiri.

Adapta hii ni ya daraja la AC600, maana yake inafikia megabiti 433 kwa sekunde katika masafa ya gigahezi 5 na megabiti 200 katika gigahezi 2.4. Mnunuzi anapaswa kufahamu kwamba hizo ni kasi za juu kabisa kati ya adapta na ruta, na kwamba hazihusiani na kasi ya intaneti inayoingia nyumbani. Laini inayoleta megabiti 20 itaendelea kuleta 20 hata ukinunua adapta ya bei mara tatu. Kinachoamua kama hizo 20 zitafika mezani zikiwa kamili ni nguvu ya mawimbi baada ya kuvuka kuta, na hapo ndipo antena ya 5 dBi (kipimo cha jinsi antena inavyoyaelekeza mawimbi) inapoonyesha thamani yake. Antena ya namna hii haizalishi nguvu mpya. Inafanya kile ambacho mpishi hufanya anapoisukuma chapati: unga ni uleule, lakini donge linakuwa bapa na kuenea mbali zaidi pembeni. Kwa sababu hiyo antena isimame wima, maana ikilazwa, sehemu kubwa ya uwezo wake huelekezwa darini na sakafuni badala ya kuelekea sebuleni.

Mahali pa kuichomeka pana uzito kuliko watu wanavyodhani. Kasha la kompyuta, ambalo wengi tunaliita CPU, ni la chuma, na chuma huzuia mawimbi; adapta iliyochomekwa nyuma, kasha likiwa limesogezwa ukutani, inakuwa imefichwa upande usiofaa. Isitoshe, matundu ya USB 3.0, ambayo mara nyingi huwa na rangi ya bluu ndani, pamoja na vifaa vinavyochomekwa humo, hutoa kelele ya umeme inayoweza kuvuruga masafa ya gigahezi 2.4. Adapta hii ni ya USB 2.0, hivyo haipotezi chochote ikichomekwa kwenye tundu la kawaida. Ushauri wangu ni kununua kebo fupi ya kurefusha USB, kuipandisha adapta juu ya meza na kuiweka mbali na kasha. Katika fremu yangu hatua hiyo peke yake ilizipandisha alama za mawimbi kutoka mbili hadi kujaa. Atakaye kipimo cha asilimia aandike «netsh wlan show interfaces» kwenye dirisha la amri la Windows, kisha aihamishe adapta kidogo kidogo na kulinganisha.

Kuhusu masafa, gigahezi 5 ina kasi kubwa na msongamano mdogo, lakini hudhoofika haraka zaidi kwenye kuta. Kwa kuta mbili za matofali ninabaki na 2.4.

Kuiwasha adapta kunahitaji draiva, yaani programu inayoiwezesha Windows kuitumia, na hapa wengi hukwama, kwa kuwa draiva iko kwenye intaneti na intaneti ndiyo inayotafutwa. Ndani ya boksi langu kulikuwa na diski, lakini kompyuta nyingi hazina tena mahali pa kuisomea. Njia rahisi ni kuunganisha simu ya Android kwa waya wake wa kuchajia na kuruhusu ishiriki intaneti kwa USB. Windows huitambua simu kama mtandao wa waya, na mara nyingi huishusha draiva yenyewe. Isipofanya hivyo, ipakuliwe kutoka tovuti ya TP-Link, kwa kuangalia kwanza namba ya toleo iliyoandikwa kwenye adapta. Baada ya hapo, katika orodha ya vifaa vya Windows (Device Manager), ondoa alama ya tiki inayoiruhusu kompyuta kuzima adapta ili kuokoa umeme, jambo ambalo ninalisisitiza kwa sababu adapta inayozimwa kimyakimya humfanya mtu ailaumu laini bure. Waliohama kutoka Windows 10, ambayo msaada wake wa kawaida ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, wanaweza kuendelea na adapta hii kwenye Windows 11.

Adapta hii haina Bluetooth, na antena yake ndefu huchomoza kiasi cha kugongwa na goti ikiachwa mbele ya kasha lililo chini ya meza. Mwenye intaneti ya faiba yenye kasi kubwa, au anayehamisha video nzito kati ya kompyuta za nyumbani, atafaidika zaidi na Archer T3U Plus, ambayo ni ya USB 3.0 na hufikia megabiti 867 katika gigahezi 5. Na ambaye fremu yake imeungana na nyumba, na ana ruhusa ya kutoboa ukuta, avute kebo ya mtandao ya Cat 5e, inayofanya kazi hadi mita 100 bila kujali tofali wala bati, na fedha ya adapta aitumie kununulia wino.