Kozi ya Kiingereza ya jioni hapa Dodoma: wiki 3 za kwanza pesa yangu imekwenda kihalali, zile 3 za mwisho sasa...

Jina la kituo silitaji maana huko chini nitalalamika na sitaki mtu aanze kunipigia simu. Ni hapa hapa mjini, ghorofani, unapanda ngazi ya chuma, Jumatatu mpaka Alhamisi saa 12 jioni hadi saa 1 na nusu, wiki 6, nimelipa 70,000. Nimemaliza juzi, acha niandike nikiwa bado nina hasira na furaha zote mbili.

Kwanza mjue kilichonipeleka. Mi nakaa mapokezi kwenye lodge moja huku Area D, mwaka wa nne huu. Wenye kazi kama yangu mnakijua kile kitabu cha wageni, jina, kabila, kazi, unatoka wapi, unakwenda wapi, unaondoka lini, yaani kazi yangu nzima ni kuuliza maswali. Kwa Kiswahili nauliza huku namchajia mtu simu. Akija asiyejua Kiswahili, na tangu treni ya umeme ianze kufika huku 2024 wanakuja kweli, hapo ndo aibu. "Who is your name?" "You come from where?" "Tomorrow you are going where?" Walikuwa wananielewa, ila unaona mtu anatabasamu kile kitabasamu cha kumwonea mtoto huruma. Siku iliyoniuma zaidi kuna mzee alikuwa anasubiri bajaji pale kaunta, akaniuliza kwa upole kabisa "How long have you been here?" mi niliposikia how tu nikajua ni habari gani, nikamjibu "I am fine thank you". Akanyamaza. Na mimi nikanyamaza. Bajaji nayo haiji.

Na shule nimesoma jamani, form one mpaka form four, vitabu karibu vyote Kiingereza. Ila haya maneno ya kuulizia tulipewa kama orodha ubaoni, who nani, what nini, where wapi, when lini, why kwa nini, how vipi, mnaimba, kengele inagonga, mnatoka. Sasa ukishakariri hivyo lazima utasema who is your name, kwani sisi si tunasema jina lako nani?

Ticha wa hapa, dada mmoja wa makamo, Mgogo wa huku huku, orodha hakuigusa. Siku ya pili alikuja na manila amezikata vipande vikubwa ameandika kwa maka pen, akasimamisha watu watatu mbele kila mtu na kipande chake kifuani: YOU, WENT, WHERE. Akasema hiki ndo Kiingereza chenu, ulienda wapi, Kiswahili kinamruhusu wapi akae mwisho na hakuna anayemdai kodi. Kiingereza wapi anakaa mbele. Akamwambia kaka mwenye WHERE tembea uje huku mwanzo. Kaka akatembea. Akasema haya, hajaja peke yake huyu, akamwita mwanafunzi aliyekuwa amemficha nje mlangoni na kipande cha DID, akamsimamisha kati ya WHERE na YOU. Halafu akamwendea dada wa WENT akamgeuzia manila yake, kumbe nyuma imeandikwa GO. "Did ameshaibeba jana yote, wewe jana yako unaipeleka wapi tena?" Watu walicheka mpaka wa chini dukani wakachungulia. Lakini aisee tangu jioni ile sijasema tena where did you went, kila ikitaka kunitoka namwona yule dada anageuziwa manila.

Kesho yake akatubomolea tulichojenga. Kaandika "Who ate the ugali?" tukapiga kelele ticha did yuko wapi! Akasema kwani who hapa ametoka wapi? Hajatoka popote, ndo mlaji mwenyewe, alikuwa mbele tangu mwanzo, did hana kazi. Ila ukisema "Who did you see?" aliyeona ni you, who ametolewa kule nyuma, kwa hiyo did anaingia. Hii nilikuwa nimeisoma zamani na majina yake yote ya kigrama na haikuingia, dakika 10 tu na manila ikaingia.

Kingine ambacho peke yake kinatosha hela yangu ni what na which. Alituuliza, ukienda sokoni ukasema nataka kitenge, muuzaji anakujibuje? Tukasema, kitenge gani? Akishakutandikia vitatu hapo mbele? Kipi! Akasema basi mnajua tayari, gani ni what, kipi na ipi na yupi ni which, vikiwa vichache na viko mezani ni which, uwanja ukiwa wazi ni what. Akaongeza kwamba hata Waingereza wenyewe wanazichanganya wakati mwingine, ila ukishika hivyo hukosei sana. Nilijisikia vizuri sana, kumbe nusu ya Kiingereza ninayo kwenye Kiswahili, hakuna aliyeniambia tu.

Sehemu ya how ndo tulipigwa. How peke yake ni vipi, sawa, lakini akishikana na mwenzake anabadilika, how long ni muda gani (mzee wangu wa bajaji jamani), how far umbali gani, how often mara ngapi, how old ndo miaka mingapi na ole wako useme how many years do you have. Shilingi ngapi ni how much, hata kama noti unazihesabu moja moja. Halafu akatupa homwek sentensi tatu tu, Unaonaje? Hii mnaitaje? Kaka yako anafananaje? Darasa zima tuliweka how zote tatu, maana si ziko na -je mwishoni. Zote tatu zinataka what. "What do you think?" "What do you call this?" "What does your brother look like?" Sifuri watu 27, hakuna wa kumcheka mwenzake.

Na alikuwa mkweli, hiyo nampa nyota. Kaka mmoja wa bodaboda alimuuliza, Samia ni rais wa ngapi, hilo swali lenyewe unaliulizaje? Ticha akacheka akasema jibu ni rahisi, wa 6, "the sixth", ila swali lenyewe Kiingereza hakina neno lake la mkato, inabidi uzunguke kuhesabu marais wangapi wametangulia. Na neno "mbona" je? Hilo akasema chukua why tu, ule mshangao wake utabaki huku huku Dodoma.

Sasa machungu. Wiki ya nne tukafika ticha hayupo. Ofisini wanasema kapata dharura, mara kapata kazi kule Mtumba, mji wa serikali, hadithi mbili kwa siku moja. Akaja kijana mpole tu sina ugomvi naye ila alifungua daftari akaanza kutusomea tuandike, andika, nukta, andika, nukta, wiki 3. Manila hakuna. Ukiuliza swali anasema tutafika huko. Hatukufika. Maswali ya ndani ya sentensi, yale ya "I don't know where he is" ambayo wote tunasema where is he, aliyasoma kwa mstari mmoja akapita, na mi ndo nayataka hayo, kila siku mgeni ananiuliza mwenzake yuko chumba gani na mi sijui.

Kile kijitabu chao cha 5,000 ni fotokopi imefifia na ukurasa wa whose wameandika "Who's book is this?" mara tatu. Who's ni who is, yaani hapo wameuliza nani ni kitabu hiki. Nilimpelekea dada wa ofisini akaniambia ni typing error mpendwa. Mara tatu? Cheti nacho 10,000 pembeni na hiyo hawakusema siku ya kujiandikisha. Dirisha la upande wa barabarani halifungi na mnaujua upepo wa huku, unaandika huku unapangusa vumbi kwenye daftari.

Kazini nimeona tofauti, siwezi kudanganya. Wiki iliyopita wamekuja wawili, nikauliza "What are your names? Where are you coming from? How long are you staying?" wakajibu two nights, wakachukua ufunguo wakaenda zao, kile kitabasamu hakipo. Mmoja akageuka akauliza "What time is breakfast?" nikaelewa swali lote neno kwa neno, nikamjibu kwa kujiamini "at one o'clock". Saa moja si ndo chai yetu! Watu wameshuka saa 7 mchana na njaa zao wanatafuta mayai, mpishi ameshaondoka, nikawakaangia mwenyewe. Hiyo ya saa za Kiswahili na za Kizungu kituo hakikufundisha na naomba waiweke, tena iwe ya kwanza kwa sisi wa malodge.

Nyota naweka 3, ingekuwa yule ticha kabaki ningeweka 5. Nimesikia kuna wanaomwona mjini na huenda anarudi intake ijayo, sina uhakika. Kwa hiyo ukipanda ile ngazi usitoe hata mia kabla hujauliza "Who teaches the evening class?", usiweke does hapo maana who ndo mfundishaji mwenyewe, na kama si yule dada wa manila rudi zako na bajaji hiyo hiyo iliyokuleta.