Karakana ya Seremala Maweni, Malindi: Kazi Yake na Imani Yake

Kumpata seremala Malindi si kazi. Kazi ni kumpata atakayekuambia ukweli kuhusu mbao anazokuuzia. Mbao zikishapigwa randa na msasa, kisha zikapakwa rangi na vanishi, mteja wa kawaida hawezi kutofautisha mbambakofi, mti wa mbao ngumu zinazodumu, na mwembe, na tofauti hiyo haijitokezi mpaka masika yaingie, mlango uvimbe na kugoma kufunga, au mpaka dumuzi waanze kumwaga unga chini ya kabati. Wakati huo fundi keshalipwa zamani. Ndiyo maana ninapoitathmini karakana hii ya mtaa wa Maweni, ambayo imenitengenezea mlango wa mbele pamoja na fremu yake na kabati la vitabu, siwezi kutenganisha ubora wa useremala na uaminifu wa seremala mwenyewe, ambaye ni mzee wa kanisa na hafichi kwamba anataka kuiendesha biashara yake kama mtu atakayeulizwa na Mungu.

Kazi ni nzuri. Viungo vimekaza bila kulazimishwa kwa nyundo, wala fundi hazibi nyufa kwa unga wa mbao uliokorogwa na gundi, hila inayofichwa na vanishi kwa msimu mmoja tu. Kwa mlango wa nje alipendekeza mbambakofi, ambao hustahimili mvua na mchwa. Kwa kabati la ndani alinishauri nichukue mwarobaini, ambao unaota kila mahali kwetu, bei yake ni nafuu na wadudu hawaupendi, na hapo hapo akanionyesha ubaya wake kabla sijauliza. Aliweka kipande mezani, akapitisha randa upande mmoja ikateleza vizuri, akaigeuza ikaanza kung'oa nyuzi, kisha akaniambia nipapase mwenyewe pale palipochimbika. Alisema kwamba rafu za kabati langu zitakuwa imara, lakini hazitakuwa laini kama kioo, na kama nataka ulaini huo nitafute mbao nyingine na fedha zaidi. Sijazoea kuambiwa kasoro za bidhaa na yule anayeiuza.

Jambo la mbambakofi linahitaji maelezo zaidi, kwa sababu mbao hizo ndizo mtihani mkubwa wa mafundi wa ukanda huu. Msitu wa Arabuko-Sokoke uko karibu nasi, na mbambakofi ni mojawapo ya miti iliyokatwa humo kwa wizi miaka mingi, sawa na muhugu ulioangamizwa kwa ajili ya vinyago. Serikali ilipopiga marufuku ukataji miti katika misitu ya umma mwaka wa 2018, mbao halali ziliadimika, na mwenye kuleta mbao za usiku, zisizo na kibali, hakukosa wanunuzi. Fundi huyu hukiri waziwazi kwamba alikuwa mmoja wa wanunuzi hao kwa muda, huku akiongoza maombi kanisani, na kwamba aliacha kwa sababu dhamiri ilimkosesha usingizi, wala si kwa sababu alikamatwa. Siku hizi ukiagiza mlango wa mbambakofi atakuonyesha risiti na kibali cha kusafirishia mbao kabla hujatoa malipo ya kwanza, na akikosa mbao zenye karatasi atakuambia usubiri au ubadilishe.

Hata hivyo si mtu asiye na doa, na mlango wangu mwenyewe ni ushahidi. Ulikuwa umeshafungwa na kulipiwa wakati fundi alipobisha hodi nyumbani kwangu Jumamosi moja jioni, akiwa bado na vumbi la mbao kwenye nywele.

"Bwana asifiwe, mwalimu."

"Amina, mzee. Karibu ndani."

Hakukaa. Aliuelekeza mkono chini ya mlango akasema: "Ubao huu wa chini si mbambakofi, ni mwembe. Nilipungukiwa ubao mmoja, nikaona una haraka, nikauweka na kuupaka rangi nikijua ninachofanya. Kesho ni Meza ya Bwana, nami siwezi kuikaribia nikiwa na hili."

Sikuwa nimegundua chochote, na huenda nisingegundua mpaka mvua za Mei. Jumatatu alirudi na msaidizi wake, wakaushusha mlango, wakauondoa ubao ule na kutia mwingine wa mbambakofi bila malipo. Kisha akaniwekea mkononi shilingi 360. Nilipokataa alinieleza hesabu yake: ubao ule alikuwa amenitoza shilingi 1,800, na Torati, katika kitabu cha Walawi mlango wa 6, inamtaka aliyemdhulumu jirani yake arudishe kitu kizima na kuongeza sehemu ya tano. Akaongeza kwamba Zakayo aliahidi kurudisha mara nne, hivyo yeye bado amepunjika katika utiifu. Nilizipokea, kwa sababu niliona kwamba kuzikataa kungekuwa kumnyima haki ya kumaliza alichokianza.

Tangu siku hiyo nimelitafakari jambo hili sana. Wengi wetu tulio Wakristo tumezoea kumwambia Mungu makosa yetu usiku, chumbani, mahali ambapo kukiri hakutugharimu chochote, na asubuhi tukampita mtu tuliyemkosea kana kwamba deni lile limeshafutwa bila yeye kuambiwa. Lakini Yesu, katika Mathayo 5, anamwamuru mwenye sadaka aiache mbele ya madhabahu, aende kwanza akapatane na ndugu yake, ndipo arudi kuitoa. Fundi huyu ameyachukua maneno hayo kama yalivyo, na mlango wangu sasa ni wa mbambakofi kutoka juu hadi chini.

Muumini mwenzangu niliyemsimulia habari hii alisema kwamba mtu aliyeokoka kweli asingeuweka ubao ule tangu mwanzo. Sikubaliani naye. Paulo aliwaandikia Warumi kwamba lile jema alitakalo halitendi, na Petro alimkana Bwana wake mara tatu kabla jogoo hajawika, naye ndiye aliyekabidhiwa kondoo. Anayedai kwamba hana dhambi anajidanganya, asema Yohana, na ninaamini kwamba fundi wa namna hiyo ndiye wa kuogopwa zaidi, kwa kuwa hatakuja kwako Jumamosi jioni. Neema si ruhusa ya kukosa, hilo nalikubali kwa moyo wote. Lakini mtu ambaye toba yake inamtoa fedha mfukoni na aibu usoni siwezi kumwita mnafiki.

Malalamiko yangu makubwa ni ya muda. Kabati lilichelewa sana, na kila nilipopiga simu niliambiwa Jumatano, Mungu akipenda, na Jumatano ikapita. Nilimwambia ana kwa ana kwamba amri ya ndiyo yetu kuwa ndiyo inahusu tarehe pia, na kwamba kulitaja jina la Mungu katika ahadi ambayo huna hakika nayo ni vibaya kuliko kuchelewa kwenyewe. Aliinamisha kichwa akakubali, na sasa hatoi tarehe mpaka mbao ziwe zimekauka na kupangwa mezani. Ana hasira za karibu vilevile. Nilimsikia akimfokea mwanafunzi wake mbele ya wateja kwa kipimo kilichokosewa, na muda mfupi baadaye akamwomba radhi mbele ya wateja wale wale, jambo ambalo mafundi wengi wa umri wake wasingelifanya. Vijana wake huwalipa kila Jumamosi kabla ya kufunga.

Majirani zake wengi ni Waislamu, na mashine ya randa huzimwa adhana inapoanza. Mmoja wao, aliyekuwa akisubiri kitanda cha mtoto, aliniambia kwamba kwa fundi huyu haulizi mara mbili kuhusu mbao.

Anayetaka kitu cha haraka aende kwingine. Anayeweza kusubiri aagize wakati wa kaskazi, mbao zinapokauka vizuri, alipe nusu kwa M-Pesa na kudai risiti yenye aina ya mbao iliyoandikwa, ambayo fundi huitoa bila kinyongo. Kwa sasa hapokei oda mpya za milango ya nje mpaka amalize zilizopo, lakini vitanda na makabati ya mwarobaini anapokea.