Nairobi hadi New York bila Kuunganisha Ndege

Kabla ya kumkatia mama tiketi ya ndege ya Kenya Airways inayotoka Nairobi kwenda New York moja kwa moja, niliuliza programu moja ya kukokotoa masafa, nayo ikanijibu kwamba umbali ni takriban kilomita 11,800 na safari ni ya saa 13. Umbali ni sahihi. Kinachopotosha ni muda, kwa sababu programu za namna hiyo hugawanya kilomita kwa mwendo wa ndege, kama kilomita 900 kwa saa, bila kuhesabu upepo wala dakika ambazo ndege hutambaa uwanjani kabla ya kuruka na baada ya kutua. Kwenda huchukua karibu saa 15 na kurudi karibu 14, kwa kuwa pepo kali za juu huvuma kutoka magharibi, zikaikabili ndege inapoelekea Marekani na kuisukuma inaporejea.

Thamani ya huduma hii, iliyoanza tarehe 28 Oktoba 2018, huonekana zaidi mtu anapotazama njia nyingine. Anayepitia Dubai huruka kwanza kilomita zipatazo 3,500, na akishafika huko hubakiwa na kilomita 11,000 hivi, yaani karibu masafa yaleyale aliyokuwa nayo alipokuwa bado Nairobi. Kwa mzee anayehitaji kiti cha magurudumu na anayekunywa dawa kwa saa maalumu, kushuka, kukaguliwa upya na kusubiri ndege ya pili ni mateso ambayo hakuna programu inayoyahesabu.

Ndege yenyewe ni Boeing 787, ambayo hewa yake ya ndani huwekwa kama ya mahali penye mwinuko wa mita 1,800 hivi, usiopishana sana na ule wa Nairobi, na nadhani ndiyo sababu mama hakulalamikia kichwa hata mara moja. Madirisha hayana pazia. Unabonyeza kitufe, kioo kikageuka polepole kuwa buluu nzito. Miguu ndiyo iliyotaka uangalizi, kwani saa 15 katika kiti cha daraja la kawaida cha ndege yoyote ni nyingi, hivyo kila baada ya saa mbili nilimshika mkono tukatembea hadi nyuma na kurudi, naye akavaa soksi za kubana tangu nyumbani.

Kwa kuwa tuliondoka usiku tukielekea magharibi, giza lilitufuata karibu njia nzima. Tukiwa juu ya Atlantiki mama aliniuliza, “Mwanangu, kwani leo hakukuchi?” Nikamwonyesha ramani kwenye kioo cha kiti, nikamweleza kwamba New York iko nyuma yetu kwa saa 8 wakati wa baridi na 7 wakati wa joto, kisha tukazipanga upya saa za dawa zake kabla ya kutua.